Nyumba Isiachwe Gizani: Simu Moja na Vyombo Vingi



Safari hii hatuanzi na somo la Dominika, bali tunaanza na kikao. Mwezi uliopita halmashauri ya kigango chetu hapa Mtawanya ilikaa kupitia orodha ya mali za Kanisa, na orodha ilikuwa ya kusikitisha. Saa ya ukutani imesimama. Tochi mbili za wale wanaotembelea wagonjwa zimeharibika, kwani betri zilivuja zikala chuma chake. Redio iliyokuwa kwa katekista imekatika antena. Vitabu viwili vya ibada ya wagonjwa vimeliwa na mchwa. Ikaulizwa: je, tununue vingine?

Kijana mmoja, mjumbe makini na mwenye nia njema, akasimama. "Padre," akasema, "kila mjumbe aliyeketi hapa ana simu janja. Simu ni saa, simu ni tochi, simu ni redio, na kitabu kimo humo humo. Kwa nini tununue vitu vinne wakati kimoja tunacho mfukoni? Fedha hiyo tuiweke kwenye bati za paa." Wajumbe wakapiga makofi. Nasi tukapiga. Hoja ilikuwa na mantiki, na paa kweli linavuja. Uamuzi wa mwisho ukaachwa kwa kikao cha majuma mawili mbele.

Katikati ya vikao hivyo viwili ilitupata safari ya deltani, na safari hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike.

Lakini kwanza tuitendee haki simu. Si desturi njema kwa padre kupanda mimbarini na kulaani kila kilichotoka kiwandani. Tulipokuwa mafrateri seminarini, mkoba wa safari ulikuwa mzigo hasa: saa ya kengele, tochi ya betri mbili, redio ndogo, daftari la anwani, kitabu cha Sala ya Kanisa, na kwa aliyejaliwa, kamera ya filamu yenye picha 36, ambayo kila picha ilipigwa kwa kuhesabu. Leo mkoba huo wote umeingia katika kitu kinachokaa kiganjani.

Mabadiliko haya hayakuja siku moja. Mwaka 2003 kampuni ya Nokia ilitoa simu ya 1100, ndogo na ngumu, yenye taa kichwani. Watu wa kwetu waliipenda kwa taa ile pengine kuliko kwa kupiga, na mpaka leo simu ya kubofya huitwa kitochi. Mwezi Januari 2007 Steve Jobs alisimama jukwaani huko Marekani akatangaza vyombo vitatu, yaani kicheza muziki, simu na chombo cha intaneti, kisha akawaambia watu kwamba vyote vitatu ni kimoja. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka mmoja kabla, ikaingia Tanzania, na simu ikawa pochi.

Tena, kwa watu wetu wengi simu haikuchukua nafasi ya kitu chochote. Iliwapa kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho. Mama muuza kaa pale Nyamisati hakuwahi kumiliki kamera, wala akaunti ya benki, wala kikokotoo, wala ramani. Alivipata vyote siku moja. Wapo waamini wetu ambao picha pekee ya marehemu mzazi wao imo ndani ya simu, na kama si simu isingekuwepo kabisa. Mtu akituambia kwamba simu janja ni anasa, tutamwomba kwanza aende akaongee na mama huyo.

Basi na tuje kwenye safari.

Ilikuwa Alhamisi alasiri. Tulipigiwa simu kwamba bibi mmoja katika kijiji cha deltani, ambacho hatutakitaja kwa heshima ya nyumba ile, amezidiwa na anamtaka padre. Ni familia iliyotoka kusini, upande wa Mtwara, ikahamia kwa ajili ya uvuvi wa kamba. Tukachukua mafuta matakatifu, Ekaristi Takatifu, stola na simu. Katekista wetu, mzee aliyeanza utume kabla sisi hatujapewa upadre, alikuja na kikapu chake cha ukili. Tukaenda kwa pikipiki hadi Nyamisati, na huko tukapanda boti ya injini.

Anayeifahamu delta ya Rufiji anajua kwamba pale barabara ni maji, na maji yenyewe yana ratiba yake. Bamvua likijaa, pwani yetu hupanda kwa mita 3 na zaidi, na mkondo uliopitika asubuhi unaweza kuwa tope jioni. Mikoko husimama pande zote mbili, kila kona ikifanana na kona iliyotangulia. Tukatoa simu kuangalia ramani. Tukaitumia kuijulisha familia kwamba tumekwisha kupanda boti. Tukatazama saa. Tukasali Masifu ya Jioni humo humo. Na tukiri udhaifu wetu: jua lilipokuwa linazama nyuma ya mikoko, tukapiga picha, si moja wala mbili. Tulipoondoka nyumbani simu ilikuwa na chaji asilimia 62. Tulipokanyaga gati la kijiji ilibaki asilimia 19. Pawa benki? Tunayo. Ilikuwa nyumbani, kwenye chaji.

Nyumba ilikuwa na giza. Palikuwa na kibatari kimoja jikoni, na chumbani kwa bibi hakuna kitu. Tukavaa stola, tukawasha taa ya simu, tukafungua ndani yake ibada ya Mpako wa Wagonjwa. Hapo ndipo tulipogundua jambo ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeligundua mapema. Taa ya simu iko mgongoni, maandishi yako usoni. Tukimwangazia bibi, maneno yanatazama upande mwingine. Tukiyasoma maneno, taa inaangaza magoti yetu na bibi anarudi gizani. Mkono mmoja unapaswa kupaka mafuta, na mwingine hauwezi kufanya kazi mbili. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Sisi tulishika matatu.

Maneno ya mpako wenyewe tunayajua kwa moyo, kama kila padre. Bibi alipakwa mafuta paji la uso na mikono. Tukaendelea na sala za kumwombea anayekaribia kuondoka duniani, ambazo ni ndefu na hazikai zote kichwani. Tulipofika katikati ya litania, simu ikaita, kwa sauti ya wimbo wa Pasaka tuliouweka wenyewe. Alikuwa fundi wa bati akitaka kujua kama fedha imepatikana. Tulijaribu kuikata kwa kidole chenye mafuta. Kioo hakikusikia. Wimbo ukaendelea mpaka ukaisha wenyewe. Tukaomba radhi, tukatafuta tulipoishia. Haukupita muda, kioo kikawa cheusi, na taa ikazimika pamoja nacho.

Ndugu wapendwa, giza la chumba cha mgonjwa ni zito kuliko giza jingine lolote. Kwa muda wa pumzi chache ilisikika pumzi ya bibi tu. Kwa tendo moja tulikuwa tumepoteza taa, kitabu na saa, pamoja na njia ya kumwita mtu yeyote.

"Subiri, Padre," akasema katekista. Tukasikia kikapu kikifunguliwa, kisha mchakato wa mfuko wa nailoni. Mara ikawaka tochi ya betri mbili, ya zamani, yenye mwanga wa manjano. Ndani ya mfuko huo huo alitoa kitabu kidogo cha ibada, kikuukuu, kilichofungwa ili maji ya chumvi yasikifikie. Hakutulaumu kwa neno wala kwa jicho. Alimwita mjukuu wa bibi, binti wa miaka kama minane aliyekuwa amejibanza mlangoni, akampa tochi. "Mwangazie Padre kitabu, na mwangazie bibi yako." Yule mtoto akaishika kwa mikono miwili, kama inavyoshikwa mishumaa usiku wa Pasaka. Katekista akaongoza viitikio. Mkwe wa bibi akauinua mkono wa mgonjwa. Nasi tukasoma.

Hapo ndipo tulipoona kile ambacho hatukukiona katika kikao. Dakika chache zilizopita, ibada yote ilikuwa mikononi mwetu peke yetu. Taa ilikuwa yetu, kitabu kilikuwa chetu, hata saa ilikuwa yetu, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kushika hata kimoja, kwa kuwa vyote vilikuwa kitu kimoja chenye namba ya siri. Vitu vilipotengana, kila mtu alipata kazi, na hata mtoto akawa mhudumu. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, aliwafundisha kuhusu mwili wenye viungo vingi, akawaonyesha upuuzi wa mwili ambao wote ni jicho. Somo hilo tumelihubiri mara nyingi. Usiku ule tulifundishwa nalo.

Boti haikuweza kurudi kabla ya maji kujaa, hivyo tulilala kijijini. Alfajiri adhana ya msikiti wa jirani ilituamsha. Tungekuwa tumechelewa, kwani kengele yetu ilikuwa ndani ya simu iliyokufa. Tunawashukuru ndugu zetu Waislamu, ambao sauti yao hutunza saa za kijiji kizima na haihitaji kila mtu awe na chombo chake.

Tulipokuwa tukinywa chai ya rangi kwa muhogo, mkwe wa bibi alituambia maneno ambayo yamekaa nasi hadi leo. Alikuwa akituomba radhi kwa giza la jana.

"Padre, zamani humu ndani vilikuwamo vyote. Redio ilikaa pale juu ya kabati. Saa ya kengele ilikuwa kando ya mama, kwa ajili ya dawa zake. Tochi ilining'inia pale." Akaonyesha msumari ukutani, karibu na mlango. Msumari ulikuwa mtupu. "Baba watoto aliponunua simu kubwa, vitu vile vikakosa kazi. Redio akaiuza. Saa ikafa, hatukununua nyingine. Tochi nayo hivyo hivyo. Sasa yeye yuko Dar es Salaam, anatafuta. Akiondoka, Padre, anaondoka na saa, anaondoka na redio, anaondoka na taa."

Tukamuuliza kama yeye hana simu. Akasema anacho kitochi, ila tangu kilipoanguka majini taa yake haiwaki na kioo hakionyeshi kitu. Kinapiga na kupokea basi. Dawa za mama mkwe anazitoa kwa kukadiria jua, na usiku kwa kukadiria usingizi. Tukakumbuka mwaka 2024, pale mafuriko ya Rufiji yalipoingia katika vijiji na mashamba ya Kibiti na Rufiji mwezi Aprili, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaja kuelekea Mafia na pwani yetu. Tukamuuliza habari za kimbunga alizipata wapi. Akajibu, "Kwa jirani mwenye redio."

Hatutaki mtu adhani kwamba tunamlaumu yule baba. Hakuiba kitu. Alifanya hesabu ile ile iliyofanywa na halmashauri yetu, tukaipigia makofi. Kosa la hesabu hiyo ni dogo na limejificha: tunahesabu kazi za vyombo, tunasahau kuhesabu watu. Ni kweli simu hufanya kazi ya redio, ya saa na ya tochi. Lakini redio ile ilikuwa ya nyumba, saa ilikuwa ya bibi, na tochi ilikuwa ya yeyote aliyesikia hodi usiku. Simu ni ya mtu mmoja. Vyombo vya nyumba nzima vilipoingia humo, havikupungua tu idadi, vilibadilisha mmiliki.

Wenye umri kama wetu wataikumbuka tarehe 14 Oktoba 1999. Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa kwamba Mwalimu Nyerere amefariki dunia, sisi tulikuwa vijana. Tulisikia kwa redio iliyowekwa dirishani, sauti ikaelekezwa uani, na ua ukajaa watu wasio wa nyumba ile. Mama mmoja alikaa chini na ndoo yake ya maji kichwani. Hatukuwa na redio kila mmoja, na kwa sababu hiyo tulilia pamoja. Leo habari kama ile ingetufikia kila mmoja peke yake, sikioni.

Tukirudi kwenye vyombo vyenyewe, ziko pia sababu za kawaida ambazo fundi yeyote atakueleza. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa spika za masikioni kama antena, na usipouchomeka haisikii. Nyingi za siku hizi hazina redio hiyo kabisa. Hupata stesheni kwa njia ya intaneti, yaani kwa bando. Tarehe 12 Mei 2024, siku chache tu baada ya kimbunga, nyaya za EASSy na SEACOM zilizolazwa chini ya bahari zilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani. Redio ya betri haikujua kama kuna waya uliokatika. Tena betri ya simu huchoka. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa haishiki tena chaji kama ilivyokuwa mpya, na mara nyingi kutengeneza taa, redio, saa na pochi kwa pamoja ni gharama ambayo mvuvi hanayo siku hiyo. Tochi ikifa, imekufa tochi. Simu ikifa, nyumba imefiwa na vitu kumi.

Wakati boti ikiturudisha Nyamisati, nahodha alituhadithia juu ya meli ya Kijerumani Königsberg, ambayo wazee wa delta husimulia habari zake hata leo. Ilijificha katika mikondo hii baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus pale Unguja mwezi Septemba 1914, na mwezi Julai 1915 Waingereza wakaiharibu hapa hapa. Hatuisifu vita. Lakini liko jambo la kutafakari. Meli ilipokwisha kazi, mizinga yake 10 iliopolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu, kisha ikatawanywa na kutumika nchi kavu kwa miaka iliyofuata. Mmoja unaonekana hadi leo Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu. Ndani ya meli, yote ilikuwa na hatima moja. Ilipotengana, kila mmoja ulikuwa na safari yake.

Liko na jambo la pili, ambalo linatuhusu sisi wa Kanisa kwa karibu zaidi. Padre Mwitaliano, Paolo Padrini, alitengeneza programu ya iBreviary mwaka 2008, na tangu hapo mapadre wengi ulimwenguni husali Sala ya Kanisa kwa simu. Sisi tumo. Ni msaada mkubwa njiani. Lakini tumejichunguza dhamiri. Mara ngapi tumefungua simu kwa ajili ya Masifu ya Asubuhi, tukakuta ujumbe, tukaujibu, tukapitia matokeo ya mpira, kisha tukakumbuka kwamba zaburi bado haijaanza? Kitabu hakina mlango wa pembeni. Ukikifungua, uko ndani yake.

Tena kitabu huwasemea wengine. Mtoto akimwona padre na kitabu cha sala chini ya mwembe, anajua padre anasali, na pengine atanyamaza. Akimwona na simu, anaona mtu mwenye simu. Siku moja tulipokuwa tukisali kwa simu, mama mmoja alitupita akasema kwa upole, "Padre, wasalimie huko mnakochati." Tulicheka, lakini lilitugusa. Mwaka 2012 maaskofu wa New Zealand waliagiza kwamba altareni kitumike kitabu cha misa chenyewe, si kompyuta bapa badala yake, ingawa hizo zinafaa kwa kujifunzia. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika katekesi yake ya tarehe 8 Novemba 2017, alisikitika kuona simu zikiinuliwa wakati wa Misa, nao miongoni mwa walioziinua wakiwemo mapadre na maaskofu. Huyo huyo, mwezi Machi mwaka huo, aliwauliza waamini ingekuwaje kama tungeibeba Biblia na kuirudia nyumbani tukiisahau, kama tufanyavyo kwa simu. Hakuichukia simu. Aliijua nguvu yake.

Kanisa limejua tangu kale kwamba kitu kilichotengwa kwa kazi moja hubeba heshima ya kazi hiyo. Kalisi ni kikombe, lakini hatuinywei uji. Si kwamba uji ni mbaya. Ni kwamba kikombe kinachofanya yote hakiwezi kukukumbusha lolote.

Pamoja na hayo, tusije tukakimbilia upande wa pili. Tochi za kigango ziliharibikaje? Hazikuharibiwa na simu. Zilioza kwa sababu tuliziacha kabatini na betri ndani, mwaka mzima, bila mtu wa kuziangalia. Saa ilisimama kwa kukosa betri moja ndogo. Chombo kilichotengwa bila mtunzaji ni chuma tu. Wale wanawali kumi wa Injili wote walikuwa na taa. Waliotofautiana ni katika akiba ya mafuta. Tusijidanganye kwamba kununua tochi ni sawa na kuwa na mwanga.

Basi katika kikao cha pili tulisimama tukawaomba wajumbe waturuhusu kuondoa makofi yetu. Tukawasimulia yote, pamoja na wimbo wa Pasaka. Yule kijana aliyetoa hoja alisikiliza, kisha akauliza swali zuri kuliko hoja yake ya kwanza: "Sasa Padre, tutajuaje kipi kiachwe kwenye simu na kipi kisiachwe?" Tulizungumza kwa muda, tukafikia kanuni moja ambayo tunawashirikisha nanyi: kitu ambacho mwingine atakihitaji wakati wewe haupo, kisikae katika simu yako peke yake.

Kwa kanuni hiyo, kamera iende kwenye simu, iende na amani. Kikokotoo kiende, ramani iende, barua na kumbukumbu za vikao ziende, ila kumbukumbu ziwe na nakala. Lakini taa ya nyumba ibaki ukutani. Saa ibaki panapoonekana na mgonjwa na mtoto. Redio ya kupokea habari za hali ya hewa ibaki mahali ambapo mama na jirani wanaifikia. Kitabu cha sala za wagonjwa kibaki kwenye kikapu, ndani ya nailoni.

Kigango kimenunua saa moja, redio moja, tochi mbili za sola na vitabu viwili vya ibada. Jumla haikufikia bei ya simu moja ya wastani. Kila chombo kimeandikiwa jina la mtunzaji katika daftari, na yule kijana ndiye mtunzaji wa tochi. Kila Jumamosi huzianika juani. Bati tutaendelea kuzichangia, na mvua ikinyesha mtatuvumilia.

Wahenga wa pwani walituachia neno: usiache mbachao kwa msala upitao. Simu ni msala mzuri, na tunaukalia kila siku. Lakini kila baada ya miaka michache huja mwingine, na wa zamani hutupwa. Mbacha wa nyumbani ndio unaomlaza mgeni. Nasi tunaishi mahali panapoitwa Mtawanya. Simu ni hodari wa kukusanya. Labda kazi yetu sisi ni kuvitawanya tena vichache vile ambavyo havikupasa kukusanywa, ili kila mkono katika nyumba upate cha kushika.

Yule bibi alifariki Jumamosi iliyofuata. Mwanawe aliwahi kufika kutoka Dar es Salaam, na tulimzika pamoja, tukiwa na kitabu, mchana kweupe. Baada ya maziko tulimpa katekista tochi moja ya tatu, tuliyoinunua kwa fedha yetu wenyewe, aiache katika nyumba ile. Aliitundika kwenye msumari ule karibu na mlango. Binti mdogo akainyoosha, kwa kuwa ilikaa upande.

Juma hili, kabla hujafunga safari ya mjini, shambani au baharini, simama kidogo mlangoni kwako. Tazama unachoondoka nacho mfukoni, kisha tazama wanaobaki. Ukiona msumari mtupu, unajua la kufanya.

Tunawatakia Dominika njema. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.